Nundu ya Pili

Watu wa kijiji cha Boztal walikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni ulimi wa Kamshat. Malisho yao yalikuwa haba, paa la shule lilivuja, na nusu ya kijiji bado ilikunywa maji ya chumvi. Lakini yakitajwa majibizano ya dombra, hata watu wa Kokjide, makao ya wilaya, wale wanaojiona kama wao ndio walioiumba nyika, walishika adabu. Kamshat alikuwa akyn, mtu wa kukaa jukwaani na dombra ya nyuzi mbili mapajani, akatunga shairi papo hapo mbele ya kadamnasi, mwenzake akalijibu, naye akalijibu jibu, mpaka mmoja wao aishiwe. Yeye alikuwa hajawahi kuishiwa. Siku za kazi alifundisha muziki shuleni, ndiyo maana wakubwa kwa wadogo walimwita apai, kama anavyoitwa kila mwalimu wa kike.

Basi serikali ikatangaza kura ya maoni ya kubadili katiba. Mkuu wa wilaya akaona ainogeshe kwa majibizano, akyn mmoja aimbe Ndiyo na mwingine aimbe Hapana, wakubwa wa Astana, mji mkuu, waje waone kwamba huku watu wako huru kabisa. Hapana alipewa Kamshat. Siku ile ile wanawake wa Boztal walijazana nyumbani kwa Bibi Ajar, mkongwe wa mtaa wa chini, wakamwita.

Katiba mpya ilitaka nyumba mbili za bunge ziwe moja, na wabunge wote watoke kwenye orodha za vyama. Viti vya wilaya vilikuwa vinafutwa. Kwa mtu wa mjini hayo ni mambo ya vitabuni. Boztal, kiti cha wilaya kilikuwa na sura na masharubu: kilikuwa daktari mmoja wa mifugo, mgomvi kupindukia, waliyempeleka Astana kwa kura zao wenyewe. Huyo alisimama bungeni na chupa ya maji ya kijiji, ya manjano, akamkaribisha waziri anywe mbele ya kamera. Waziri hakunywa. Miezi michache baadaye bomba la maji matamu likafika mtaa wa juu. Mtaa wa chini walikuwa wanaendelea kusubiri, na kiti kikifutwa hapakuwa na mwingine wa kubeba chupa.

"Mwanangu," Bibi Ajar alisema, akimmiminia chai ya maziwa, "mimi chumvi hii nimeinywa mpaka figo zimekuwa kama nyama ya kukaushwa. Sisi tukisema tunaitwa wachochezi. Wewe ukisema wanakupigia makofi. Basi tusemee."

Lilikuwa jambo la tangu enzi za makhan, watawala wa kale wa nyika: akyn akiwa jukwaani haguswi, aseme atakalo.

"Na huyo Esentai wa Ndiyo umchape mpaka avue joho," alidakia Raushan, jirani yake Kamshat, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Esentai ni kama mdogo wangu," Kamshat alicheka. "Nitamchapa polepole."

"Mchape haraka, sisi wengine tuna ng'ombe wa kukamua!"

Walipomaliza kucheka Bibi Ajar akafungua viganja, akamwombea baraka, ulimi wake uwe mwepesi na adui yake awe bubu. Wote wakapitisha mikono usoni. Kuanzia hapo haikuwa tena shughuli ya mkuu wa wilaya. Alikuwa ametumwa na watu wake, na mtu hatumwi na baraka ya mkongwe kisha akarudi mikono mitupu.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Boztal hawakulijua, na nalisema bila kumung'unya maneno: Kamshat na Esentai walikuwa wanapanga. Lilianza zamani, walipoitwa kuimba kwenye televisheni naye Kamshat akawa na homa, ulimi mzito kama nguo iliyoloa. Esentai akamwambia, dada, tukubaliane kidogo tu, mimi nitakuuliza hivi nawe utajibu vile. Watu walilia kwa raha siku ile. Mara ya pili wakakubaliana zaidi kidogo. Baadaye ikawa ndiyo kazi yenyewe: wanakaa jikoni kwa Esentai kule Kokjide, mkewe anakaanga mandazi, wao wanagawana nani apige wapi na nani aanguke lini. Zawadi, yeyote ashinde, waligawana nusu kwa nusu. Maakyn wengine nao walifanya hivyo, na wote waliapa hawafanyi. Kamshat alijiambia kwamba hata mgeni hupewa nyama iliyopikwa, hapewi mbichi, na kwa maneno hayo akalala usingizi wake miaka yote.

Kwa hiyo hata safari hii alikwenda jikoni kule kule. Hakuona sababu ya kutokwenda. Esentai alimpokea kama kawaida, akamvua koti, akamketisha mahali pa heshima.

"Nimepewa Ndiyo, dada," alisema akikuna kichwa. "Utaniua."

"Nitakuua, ndiyo. Sikiliza hii."

Akakamata dombra, akaimba:

*Ngamia wa nundu mbili, raia yu mgongoni,*
*Mkiikata ya pili, ataegemea nini?*

Esentai alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali. "Imba tena! Imba tena nijue pa kuangukia." Akaimba tena. Akamwimbia na beti za maji, na beti za daktari wa mifugo, na ile ya mwisho ya bibi wa mtaa wa chini anayesubiri bomba huku amekufa ganzi miguu. Esentai alizisikiliza zote, kidole mdomoni, akitikisa kichwa kwa kuvutiwa.

"Mimi nitaimba Ndiyo kivivu," alisema. "Wewe utatangulia, kama mkubwa. Mzunguko wa tatu nakukabidhi dombra yangu mbele yao wote, nasema dada umenishinda. Boztal watakubeba mabegani."

"Apa."

"Dada! Mimi na wewe tuapishane?"

Kamshat akaona haya kwa kuuliza. Aliondoka na mandazi ya kula njiani.

Ukumbi wa utamaduni wa Kokjide ulifurika mpaka watu wakakaa madirishani. Boztal walikuja na basi zima, Bibi Ajar mbele na kitambaa chake cheupe kichwani. Wakubwa wa Astana walikaa safu ya kwanza. Pembeni ya jukwaa walionyeshwa zawadi kupitia mlango mkubwa ulio wazi: farasi dume na farasi jike, wote weusi, wakipumua mvuke kwenye baridi ya Machi.

Mshereheshaji alipomkaribisha Kamshat aanze, Esentai aliinua mkono.

"Wajumbe, mniwie radhi. Dada yangu amechoka na safari. Naomba nimtangulie, nimfagilie njia."

Watu wakapiga makofi kwa adabu yake. Kamshat alimtazama. Hili hawakulipanga. Labda ameambiwa na wakubwa, aliwaza, na mkono wake ukaendelea kushika dombra kwa utulivu. Esentai akakohoa kidogo kusafisha koo, akaimba:

*Ngamia wa nundu mbili, hulala chini njiani,*
*Wa nundu moja kamili, ndiye wa bei sokoni!*

Ukumbi ukaruka. Nani pale asiyejua kwamba wa nundu moja ndiye mwenye nguvu, ndiye anayebeba hema zima na vikongwe vyake? Mtu wa Astana mwenye miwani aligonga goti kwa furaha. Ngamia alikuwa wake. Alimzaa yeye, alfajiri moja akisukasuka maziwa, na sasa alikuwa amepandwa na mwingine akiendeshwa upande wa pili.

Esentai hakungoja. Akachukua beti za maji. Akaimba kwamba nyumba mbili zilikaa miaka yote zikitupiana chupa, hii ikisema mpelekeeni ile, na kumbe nyumba moja ingekuwa imekwisha kuchimba mfereji. Akachukua bibi wa mtaa wa chini, akamgeuza akawa bibi anayesubiri kura ya Ndiyo. Beti baada ya beti, alikuwa anapita nyumbani kwa Kamshat akifunga milango. Hakumtazama usoni hata mara moja.

"Apai, zamu yako," alisema mshereheshaji.

Aligonga nyuzi. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni kile kilichokuwa kimelala hapo wiki nzima. "Ngamia wa nundu mbili..." Akasikia mnong'ono ukipita ukumbini. Anamfuata! Kamshat anamfuata Esentai! Hakuna aibu kubwa kwa akyn kuliko kuokota ubeti wa mwenzake. Akajikata katikati, akatafuta kingine. Zamani vilikuwa vinakuja vyenyewe, vinasukumana mlangoni. Sasa alibisha hodi na ndani hapakuitika mtu. Miaka ya jikoni ilikuwa imemnoa Esentai na kumwacha yeye butu, naye hakuwa na habari.

Angeweza kusimama aseme. Angeweza kupiga kelele: huyu mwizi, hizo ni beti zangu, nilimwimbia mwenyewe! Na swali la kwanza lingekuwa, ulimwimbia wapi, na kwa nini? Safu ya tatu alikaa Raushan aliyekuwa na kawaida ya kuzikariri beti za ile homa ya televisheni akikamua ng'ombe. Kamshat alimtazama yeye, kisha Bibi Ajar, akainamisha kichwa.

"Apai?" mshereheshaji aliuliza tena, sasa kwa upole.

Akailaza dombra kifudifudi mapajani. Ndivyo akyn anavyosema nimekwisha. Wakubwa wa Astana wakaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Esentai alivishwa joho la bluu lenye nakshi za dhahabu.

Kamshat alimkuta nyuma ya jukwaa akinywa maji.

"Umeniuza," Kamshat alisema.

"Punguza sauti, dada."

"Nimekulishia mwanao wa kwanza kwa mkono huu. Umeniuza."

"Nimekuokoa! Unafikiri wangekuacha uimbe yale halafu urudi shule Jumatatu kufundisha? Zama zile za akyn kutoguswa zimekwisha." Akachungulia mlangoni, akasogea karibu, na uso wake ukang'aa kwa jambo alilokuwa analibana. "Sikiliza. Wameniweka kwenye orodha ya chama. Bunge jipya. Juu kabisa ya orodha, naingia hata nikilala. Boztal mnataka mtu bungeni? Si mimi hapa! Mtu wenu!"

"Sisi tulikuwa na mtu tuliyemchagua."

"Mtakuwa na mtu aliyeingia. Kuna tofauti gani?"

Kamshat aliona kwamba haulizi kwa kejeli. Aliuliza kweli.

"Na usiwe na wasiwasi," Esentai aliongeza, akimgusa bega. "Mimi si mtu wa kuvunja makubaliano yetu. Nusu yako nitakuletea."

"Usilete."

"Haki yako, dada."

"Nimesema usilete!"

Ndani ya basi hakuna aliyemsuta. Hilo ndilo lililomtisha. Alipanda akiwa amejiandaa kwa lawama, akakuta wanamwachia kiti cha mbele na kumfunika blanketi miguuni.

"Nimeshindwa," aliwaambia. "Nisameheni. Amenipiga."

"Wewe?" Raushan alimkonyeza. "Upigwe na Esentai? Yule mpaka ajue kutia chumvi kwenye supu alimuuliza mkewe. Apai, usitufanye watoto."

"Kweli nawaambia."

"Sawa, kweli. Tumeelewa." Akainama sikioni mwake, na kwa kuwa hajui kunong'ona basi zima likasikia. "Wamekuahidi bomba, siyo? Ukinyamaza, mtaa wa chini unapata bomba. Na umekatazwa kusema. Basi, basi, usiseme. Kamshat hanyamazi bure."

Alikana mpaka kijijini. Alikana siku zote zilizofuata, kisimani na dukani na mlangoni pa shule. Kila alivyokana ndivyo walivyozidi kumkonyeza. Sifa zake mwenyewe zilikuwa zimemziba mdomo: miaka yote walikuwa wameamini hapigiki, na kipigo chenyewe kilipokuja hawakuwa na mahali pa kukiweka. Neno moja tu lingewafungua macho, nalo ni lile la jikoni, na hilo alilimeza kila mara lilipofika kwenye meno. Hadi watu wa Hapana wa kwanza kabisa, wale waliobeba chupa za maji mitaani, wakaanza kusema kwamba mwenye kujua amekwisha kuamua, basi kura ni Ndiyo.

Aliyebaki ni Bibi Ajar. Huyo hakukonyeza.

"Mimi nilikuona uso," alisema. "Ule haukuwa uso wa mtu aliyefanya biashara. Siku ya kura njoo uniambie kitu, Kamshat. Mimi sitatia karatasi mpaka uniambie."

Siku ya kura shule ilipambwa kama kuna harusi. Spika ziliimba uani, wauza sambusa walipunguza bei, na matope ya theluji iliyoyeyuka yalitapakaa mpaka kwenye mazulia. Kamshat alipiga Hapana yake asubuhi, akatoka akamkuta Bibi Ajar ameketi kwenye benchi karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, watu wakimzunguka. Alikuwa mkongwe kuliko wapiga kura wote wa kijiji, na wasimamizi walikuwa na blanketi jipya la kumzawadia mbele ya kamera. Walikuwa wanamsihi aingie. Yeye alikuwa anangoja.

"Haya, mwanangu," alisema. "Niambie. Ni bomba?"

"Siyo bomba, Bibi. Hakuna aliyeniahidi kitu."

"Hawajakupa chochote?"

"Hawajanipa."

Bibi Ajar alimwangalia sana, kisha akatikisa kichwa taratibu kama anayekubali. "Nilijua," alisema. "Basi mimi naenda kutia Hapana, na wewe Raushan ambaye hujaingia utatia nami, na nyote mlio kwenye foleni—"

Hapo wakasikia kwato. Esentai alikuwa anakuja kwa njia ya katikati, amevaa joho la bluu, amempanda yule dume mweusi, na nyuma yake, kwa kamba, amemvuta yule jike. Alikuwa ameanza kwa kupita mtaa wa juu, akamkosa Kamshat nyumbani, akauliza kila mlango. Sasa kijiji kizima kilikuwa kinamfuata.

"Dada!" aliita kwa furaha. "Nimekutafuta kama sindano! Haya, nusu yako hii. Ana mimba, mwakani utakuwa na wawili."

Akashuka, akaiweka kamba mkononi mwa Kamshat. Kamshat akaitupa. Esentai akaiokota, akamrudishia, akidhani imemponyoka.

Spika, sijui ni nani aliyekuwa na akili, zilizimwa.

"Nusu ya nini?" Raushan aliuliza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amenong'ona.

Kamshat aliwaona wakimwangalia, kisha farasi, kisha yeye tena. Aliona uso wa Bibi Ajar ukianza kufungika. Hapo ndipo alipolitema, maana hakuwa na kingine cha kuwapa isipokuwa jina lake.

"Nisikilizeni! Huyu ameniibia. Beti zote zile alizoimba ni zangu mimi, ngamia ni wangu. Nilimwimbia kwake, jikoni. Tumekuwa tukipanga. Miaka yote. Nani aanguke, nani asimame, na zawadi tunagawana. Safari hii tulipanga nishinde mimi, niipinge katiba yao mbele ya wakubwa wa Astana, akanigeuka! Sikuuza kitu. Niliuzwa."

Hakuwa amewahi kusema maneno magumu kuliko hayo, na alipoyamaliza alihisi wepesi, akatazamia waelewe.

"Kwa hiyo mlipanga," alisema Bibi Ajar.

"Tulipanga, Bibi, lakini—"

"Na ile ya televisheni, niliyolia?"

"Na ile."

"Na zawadi mnagawana."

"Ndiyo, lakini safari hii—"

"Mlipanga," Bibi Ajar alisema tena, "na sasa amekuletea fungu lako." Akaegemea fimbo, akainuka. Mtu alitaka kumsaidia, akamsukuma. "Nilikupa baraka yangu ukaiimbe, wewe ukaenda kuipika jikoni kwake. Nipisheni. Wenye mdomo wamekwisha kugawana, sisi wa chumvi tutie Ndiyo, labda na sisi tutatupiwa mfupa."

"Bibi!"

Hakugeuka. Raushan alimfuata, na foleni ikafuata, wakimpita Kamshat upande huu na upande ule bila kumgusa, wakimkwepa farasi kwa uangalifu kuliko walivyomkwepa yeye.

Esentai alikuwa amesimama pale pale, joho lake limeloa matope pindoni, amekunja uso kama mtu aliyetukanwa bila kosa.

"Kwa nini umewaambia, dada?" alisema. "Mimi ningekufa na siri yetu."

Ndani wakapiga makofi. Walikuwa wanamvisha Bibi Ajar blanketi.